Imepita Saba

Mtego wa panya hauna macho. Ukishategwa haumwulizi mtu kitambulisho. Atakayeukanyaga ndiye wake, awe panya aliyetoboa gunia la unga, awe kuku aliyekuwa akijipitia tu kutafuta mdudu, awe hata mtegaji mwenyewe aliyeamka kunywa maji akasahau alipouweka. Wahenga waliliona hilo mapema wakalitungia methali. Dalmas Wesonga aliijua methali hiyo tangu darasa la tano, na aliwahi kuiandikia insha akapata alama thelathini na sita kwa arobaini. Ila kuna methali ambazo mtu huzijua kwa kalamu, na kuna zile ambazo huja kuzijua kwa ngozi.

Wesonga alikuwa fundi wa seva katika kampuni ya Mianzi, iliyopanga ghorofa mbili katika jengo moja la Hurlingham, kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Kazi ya Mianzi ilikuwa kuzitunzia zahanati na maduka ya dawa kompyuta zao kubwa, yaani seva. Zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa kwenye kabati la chuma ndani ya chumba chenye baridi ya kufanya meno yapigane ngumi. Mgonjwa akiingia zahanati kule Loresho, rekodi zake zilisomwa kutoka chumba hicho. Mtandao wa seva ukikatika, daktari alibaki akikodolea kioo macho kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.

Kwa utani, Wesonga hakuwa na mpinzani. Alipoajiriwa askari mpya wa mlangoni, mzee wa makamo aitwaye Mbithi, Wesonga alimwita kando akamwambia kwa uso mkavu kabisa, "Mzee, hizi mashine zisiposalimiwa asubuhi, zinashikwa na joto. Ya mwisho iliungua hivi hivi." Kwa wiki nzima Mzee Mbithi alikuwa akifungua mlango wa chumba cha seva saa moja unusu, anavua kofia, anasema, "Hamjambo humu ndani?" Hata alipoambiwa kwamba ni mzaha, hakuacha. Alisema salamu haijawahi kumwua mtu.

Mwenzake Wesonga katika kazi hiyo alikuwa Kanyiva, mama wa miaka arobaini na sita, mwenyeji wa Mwingi, mpole kama maji ya mtungini. Ofisi nzima ilimwita Mama Saba, na jina hilo lilikuwa na sababu yake.

Kila seva ina kadi ya mtandao, na kila kadi ina draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha seva kuitumia kadi hiyo. Draiva ikikosewa, seva huwa bubu na kiziwi kwa pamoja. Inanguruma, taa zinawaka, lakini haisikii wala haijibu. Draiva mpya ilipotoka, Kanyiva hakuikimbilia. Aliiweka kwanza kwenye seva moja kuukuu iliyokaa pembeni, akaizima, akaiwasha, akachomoa kebo, akairudisha, kisha akaanza upya. Alifanya hivyo mara saba.

"Mara ya kwanza hata mwizi husalimia vizuri," alikuwa akisema. "Mara ya saba ndiyo tabia."

Ikipita, aliongeza neno moja mwishoni mwa jina la faili: saba. Likishakuwapo neno hilo, hakuna aliyeuliza swali. "Imepita saba" ikawa msemo wa Mianzi. Hata chai ya kantini ikiwa nzuri, watu walisema imepita saba.

Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba draiva ya mtandao haiwekwi kwa kupitia mtandao huohuo bila mtu kusimama penye seva. "Huwezi kukata tawi ulilokalia," alisema, "halafu uulize nani amekuangusha."

Kama Wesonga, kwa miaka sita Kanyiva alikuwa akifanya kazi kwa mkataba wa miezi kumi na moja, mkataba juu ya mkataba, kama kiraka juu ya kiraka. Mwaka huu aliahidiwa kwamba mwisho wa Juni angeajiriwa kwa kudumu. Aliitaka ahadi hiyo kuliko kitu kingine chochote. Mama yake kule Mwingi alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na bima ya Mianzi iliwakubali wazazi wa wafanyakazi wa kudumu peke yao.

"Mama ananiuliza kila Jumapili," alimwambia Wesonga siku moja wakila githeri. "Ananiambia, 'Kanyiva, hiyo Juni yenu inakuja na miguu ama inatambaa?'"

"Mwambie inakuja na boda boda," Wesonga akajibu, na mama wa watu akacheka mpaka akapaliwa.

Mkuu wao alikuwa Ndambuki, aliyeishi Karen, katika nyumba yenye lango refu kuliko hekima yake. Ndambuki alikuwa na ugonjwa mmoja: kila wikendi aliingia kwenye seva akiwa nyumbani kwake na kubadilisha kitu bila kumwambia yeyote, ili Jumatatu ripoti ya wakurugenzi iandikwe kwamba amefanya kazi Jumamosi. Kikienda vizuri, alikifanya yeye. Kikiharibika, alitafutwa mtu. Mwezi Machi aliukata mtandao wa maduka manne ya dawa akiwa sebuleni mwake, na Jumatatu akatangaza kwamba Wesonga alikuwa amepiga kebo teke. Wesonga alipewa barua ya onyo. Barua ya pili, aliambiwa, itakuwa ya kwaheri.

Wesonga hakusahau. Alikimezea mate kisasi tu, kama paka aliyefungiwa nje ya bucha.

Ijumaa moja ya Juni draiva mpya ilitoka. Kanyiva aliipakua, akaiweka kwenye folda yao, akasema angeijaribu Jumanne. Saa kumi na moja akachukua mkoba wake akaenda. Wesonga akabaki peke yake, na shetani wa mizaha akaja kukaa kwenye kiti kilicho kando yake.

Alichukua draiva ya kadi za aina nyingine, za seva kuukuu ambazo Mianzi ilikuwa imezitupa kwenye ujia. Programu hiyo ilikuwa na tabia ya kufuta draiva iliyokuwapo kabla ya kuweka yake. Akaifuta ile halisi kwenye folda, akaipa hii ya uongo jina la hiyo aliyoifuta. Kisha akaketi akifikiri. Ndambuki, pamoja na kiherehere chake chote, hakugusa draiva isiyo na alama ya Mama Saba.

Wesonga akaongeza neno moja: saba.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kila mara Ndambuki alianza na seva ya ripoti, ambayo haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Ingekatika hiyo moja. Angetoka Karen na kaptula yake ya wikendi, aje aiwashe kwa mkono, na kwa mara ya kwanza ofisi nzima ingejua ni nani anayecheza na seva Jumamosi. Jumatatu asubuhi Wesonga angebadilisha faili kabla chai haijachemka. Hakuna ambaye angeumia ila kiburi cha mtu mmoja. Alizima taa akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi saa nane alikuwa langoni mwa jengo na Mzee Mbithi, wakinywa soda. Alikuwa amekuja mapema kama mtu anayetafuta kiti cha mbele kanisani siku ya harusi.

"Leo unangojea nani?" Mzee Mbithi akamwuliza.

"Nangojea sinema, mzee. Mwigizaji anatoka Karen."

Simu yake ikalia. Akaitazama akitabasamu. Kwenye kioo, seva ya ripoti ilikuwa nyekundu. Kisha ya pili ikawa nyekundu. Kisha ya tatu, ya nne, ya tano, zikifuatana kama shanga zilizokatikiwa na uzi. Zilipofika kumi na mbili, Wesonga alikuwa hatabasamu tena.

Ndambuki akapiga. "Wesonga! Uko wapi? Hii kitu imekufa yote, bana! Yote!"

"Yote aje, bosi? Si ulianza na ya ripoti?"

Alikuwa na bahati kwamba Ndambuki hakuwa katika hali ya kujiuliza Wesonga alijuaje.

"Nianze na ripoti ya nini na imeandikwa saba? Ni ya Kanyiva! Nilizipiga zote mara moja niende nigeuze nyama. Kimbia hapo ofisini, mimi nampigia Kanyiva!"

Wesonga alisimama na simu sikioni baada ya Ndambuki kukata. Alikuwa amesahau jambo moja. Alama aliyoiiba haikuwa chambo tu. Ilikuwa jina la mtu ambaye hakuwahi kukosea, na jina kama hilo humfanya hata mwoga aache kupima kina cha mto. Kama angeandika jina lake mwenyewe, Ndambuki angeanza na seva moja. Uaminifu wa Kanyiva ndio uliozizima zote kumi na mbili.

Kulikuwa na njia ya dharura ya kuzifikia seva kwa mbali, lakini kebo yake haikuwa imeunganishwa tangu mwaka juzi. Ilikuwa kwenye orodha ya mambo ambayo Ndambuki aliyaita "tutafanya". Hapakuwa na budi kila seva ishikwe kwa mkono.

Kanyiva alifika baada ya nusu saa akiwa na sare ya kwaya, buluu yenye kola nyeupe, jasho likimtoka. Alikuwa ametoka Kangemi, katikati ya mazoezi. Hakuuliza nani, wala kwa nini. Alifungua pindo la leso akatoa fleshi ndogo, ambamo kwa miaka sita alikuwa akitunza kila draiva ya zamani iliyowahi kufanya kazi.

"Wewe shika kibodi," alisema. "Mimi nitasoma."

Wakaanza. Futa ya uongo, rudisha ya zamani, zima, washa, ngoja. Seva ya kwanza ikaamka, ikafuata ya pili. Simu ya ofisi ilikuwa ikilia bila kukoma. Muuguzi mmoja wa Loresho alisema wanaandika dawa nyuma ya kalenda. Mwingine alikuwa akilia waziwazi, kwamba mzee mmoja amepewa dawa ambayo rekodi zake zingeonyesha haimfai, na sasa uso umemvimba, wanamkimbiza hospitali kubwa.

Walipofika seva ya nne, Kanyiva alisimama. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Wesonga."

"Mm."

"Hii imeandikwa saba."

Wesonga akajifanya anakaza kebo ambayo haikuwa imelegea.

"Mimi sijajaribu hii kitu. Nilisema Jumanne. Si nilisema Jumanne?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angetamka maneno manne tu, ni mimi, nisamehe mama, na mambo yangekwenda njia nyingine. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Labda ulisahau, Mama Saba. Kazi imekuwa mingi."

Kanyiva alitazama mikono yake kama mtu anayehesabu vidole baada ya ajali.

"Labda," akasema.

Walimaliza seva ya kumi na mbili saa moja kasoro. Mzee wa Loresho hakufa, Mungu alimwona, lakini alilala hospitalini siku tano, na mwenye zahanati hiyo akaandika barua kwamba anahamisha seva zake zote na anataka kujua nani ameadhibiwa.

Jumatatu waliitwa. Ofisi ya Ivyne, mkuu wa wafanyakazi, ilikuwa na maua ya plastiki na kiti kimoja kilichowekwa mbali na vingine. Kanyiva aliambiwa aketi hapo. Ndambuki alikuwa amevaa tai.

"Mimi niliamini alama ya mfanyakazi wangu," Ndambuki alisema kwa sauti ya mfiwa. "Kama kuamini ni kosa, basi nilikosea."

Ivyne akageuza laptopu ili wote waone. "Kanyiva, hii alama ni yako ama si yako?"

"Alama ni yangu," Kanyiva akajibu. "Mkono si wangu."

"Sasa ni mkono wa nani?"

Folda ile ilifunguliwa kwa jina moja la siri lililotumiwa na wote, kwa sababu Ndambuki alisema kumpa kila fundi jina lake ni kupoteza wakati. Mashine haikuweza kusema ni nani. Mtu peke yake ndiye angeweza kusema.

"Na kwa nini Jumamosi draiva iliwekwa kutoka Karen, bila mtu penye seva?" Kanyiva akauliza polepole.

"Tusihamishe mada," Ndambuki akasema. "Ingekuwa draiva nzuri, ingefanya kazi hata ikiwekwa kutoka mwezini."

Kanyiva akageuka. Alimtazama Wesonga, wala hakumtazama kwa lawama. Alimtazama kama mtu aliyeshavuka barabara anavyomngoja mwenzake upande wa pili. Wesonga aliiona barua ya onyo ndani ya faili iliyokuwa mezani. Akilini alimwona mkewe Nanyama na mimba ya miezi minane, na kadi ya bima waliyoiweka ndani ya Biblia isipotee. Akainamisha kichwa akayasoma maua ya plastiki.

"Wesonga, una la kusema?" Ivyne akauliza.

"Hapana, madam."

Mkataba wa Kanyiva haukuongezwa. Alipewa siku moja kukusanya vitu vyake, na vyote vikaenea kwenye mfuko mmoja wa karatasi: kikombe, sweta, Biblia ndogo, na kalenda iliyozungushiwa duara tarehe thelathini ya Juni. Mlangoni Mzee Mbithi alimshikia mfuko akamsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi hakumsemesha mtu mchana kutwa.

Wesonga alivumilia wiki tatu. Usingizi ulimpita kando kama mdaiwa anavyompita mkopeshaji. Nanyama alijifungua salama mtoto wa kike, na bima ikalipa kila kitu, na Wesonga alipomshika mtoto hakuweza kumwangalia usoni kwa muda mrefu. Mwishowe, Jumanne moja, aliomba ruhusa akaenda Kangemi.

Alimkuta Kanyiva nyuma ya soko, katika kibanda cha kompyuta mbili na printa moja, akiwajazia watu fomu. Katika wiki hizo aliwahi kuitwa kazini mahali pazuri zaidi, akafika hata kwenye mahojiano ya mwisho, kisha wale wakampigia Ndambuki simu kumwulizia. Hawakumtafuta tena.

"Sasa, Wesonga," alimsalimu bila kuacha kuandika. "Keti. Ngoja nimalizane na huyu."

Alipomaliza, Wesonga akaanza kusema. Alikuwa amepanga maneno tangu Hurlingham, lakini yalitoka yamepindana kama kebo sandukuni. Alisema juu ya barua ya onyo, juu ya Ndambuki, juu ya seva moja ambayo ingekatika peke yake, juu ya mzaha. Alisema ni yeye aliyeandika saba.

Kanyiva alikuwa akipanga karatasi kwenye printa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Jumamosi hiyohiyo. Tulikaa saa nne ndani ya hicho chumba, mimi na wewe. Nimevaa nguo ya kwaya, kola imepinda, nanuka jasho. Na hukunitania hata mara moja." Alifunga printa. "Miaka sita, Wesonga. Hata siku ya matanga ya shangazi yangu ulinitania. Nikajua."

"Na hukunisema?"

"Nilikungoja. Nikasema, huyu ni mtoto wa watu, atasema mwenyewe. Jumatatu nikakungoja tena. Nikakuangalia nikaona unasoma maua." Akacheka kidogo, cheko lisilokuwa na meno. "Unajua iliyoniuma? Si kazi. Ni ile 'labda ulisahau'. Nilienda nyumbani nikakaa kitandani nikijiuliza kama akili zinaniisha. Unaiba alama ya mtu, halafu unamwibia na kichwa."

Wesonga alitazama sakafu. "Mama yako macho yanaendeleaje?"

"Ameacha kuuliza kuhusu Juni."

Mteja mwingine akaingia, akataka kuchapishiwa barua. Kanyiva akampokea, akamwonyesha kiti. Kisha akamgeukia Wesonga na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Umekuja uniambie, ama umekuja upumzike?"

Wesonga aliokota karatasi iliyoanguka, akairudisha kwenye printa.

"Ukitaka kuniambia, mimi nimeshasikia. Ukitaka kusema ukweli, mlango wa Ivyne unaujua. Enda salama. Salimia Nanyama na mtoto."

Wesonga alirudi Hurlingham mbiombio, kabla moyo haujapoa. Alipanda ngazi mbili mbili, akabisha kwa Ivyne, akaingia huku mdomo ukiwa tayari umefunguka.

"Wesonga! Nilikuwa karibu kukuita." Ivyne alisimama, akatabasamu, akamnyooshea bahasha. "Hongera. Umeajiriwa kwa kudumu. Wewe sasa ndiye fundi mkuu. Na ile barua ya onyo tumeitoa."

Bahasha ilikuwa nyeupe na nyepesi. Wesonga aliitazama. Maneno yote aliyoyabeba kutoka Kangemi yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, yakisukumana kama watu mlangoni.

"Asante, madam," akasema.

Akatoka. Kwenye ujia Ndambuki alikuwa akimngoja, akamwashiria aingie ofisini kwake, akafunga mlango.

"Umefurahi?"

"Nashukuru, bosi."

"Usinishukuru. Nilifungua ile faili Jumapili ile, kabla hatujamwita Kanyiva," Ndambuki alisema, akimimina chai. "Ilikuwa draiva ya kadi za zile seva tulitupa. Kanyiva hawezi kosea hivyo hata akiwa amelala. Mtu aliiweka. Na mafundi walikuwa wawili tu."

Wesonga akaikunja bahasha katikati bila kutaka. "Kwa hivyo ulijua si yeye."

"Nilijua."

"Na ukamwacha aende?"

"Kanyiva angeniuliza, mbele ya wakurugenzi, kwa nini sikusimamisha mtu penye seva. Alishaanza, ulimsikia. Wewe utaniuliza?"

Wesonga akaitia bahasha mfukoni.

"Ndiyo hiyo." Ndambuki akanywa chai, akafumba macho kwa utamu wake. "Kuna draiva nyingine imetoka jana. Nataka kuiweka Jumamosi, nikiwa nyumbani. Weka saba."

"Sijaijaribu, bosi."

"Sijakuuliza kama umeijaribu."

Wesonga alikwenda kuketi kwenye kiti cha Kanyiva, ambacho bado kilikuwa na mto mdogo aliousuka mwenyewe kwa uzi wa rangi mbili. Kule pembeni, seva kuukuu ya majaribio ilikuwa imezimwa, vumbi limeanza kuipaka poda. Alifungua folda. Akaiangalia faili mpya kwa muda. Kisha akaongeza neno mwishoni mwa jina lake, herufi nne, bila kuzima kitu hata mara moja, bila kuwasha kitu hata mara moja.

Mzee Mbithi alikuwa akipita na funguo zake. Akafungua mlango wa chumba cha seva, akavua kofia.

"Hamjambo humu ndani?" akauliza.

Wesonga, aliyekuwa ameutunga mzaha huo mwenyewe, hakuweza kucheka. Kangemi kulikuwa na mama akiwachapishia watu barua. Mwingi kulikuwa na ajuza akipapasa ukuta kutafuta mlango wake. Na yeye, mtegaji, alikuwa ameketi katikati ya mtego wake mwenyewe, akipokea mshahara humo humo, hana pa kutokea. Panya aliyekusudiwa alikuwa Karen, ameshakula chambo na kupangusa midomo. Huo ndio mtego wa panya: huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.